Mwalimu Blandina na Mashine ya Uani

Tarehe 30 Juni 1984 Mwalimu Blandina anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha, kumi na tisa kati ya hiyo hapa shuleni kwetu Kariakoo. Walimu walioanza naye wamehamishwa mmoja mmoja. Ndiyo maana kamati ya sherehe imeniomba niandike mimi, Bakili, mhudumu wa shule. Nimeishia darasa la nne, lakini kati ya waliomfahamu siku nyingi nimebaki peke yangu.

Alizaliwa Kibosho, Kilimanjaro. Alifundisha hesabu na sayansi Same na Korogwe, kisha akaletwa Dar es Salaam, mji ambako hakuwa na ndugu. Alipanga chumba kimoja nyuma ya soko. Jumapili akitoka kanisani alikuja shuleni, akafungua darasa lake na kukaa kusahihisha madaftari, maana kule chumbani hakukuwa na mtu wa kumngoja. Najua kwa sababu na mimi nilikuwa hapo hapo, kwa sababu hiyo hiyo.

Mwaka 1974 walimu wa hesabu walipelekwa kuangalia kompyuta katika ofisi moja mjini. Alirudi amechangamka mno. Alituambia ni kubwa kama makabati manne, inalishwa kadi zenye matundu, na haina akili hata kidogo: inafanya unachoiambia, basi. Akasema watoto wakijifunza kuamrisha kitu kisicho na akili, wao wenyewe wataongeza akili. Shule haikuwa na hela hata ya pampu ya baiskeli. Akatazama huku na huku, akaniona na ndoo yangu.

"Bakili," akasema, "wewe utakuwa mashine."

Basi kila Alhamisi saa nne nilisimama uani. Darasa la sita waliandika amri kwenye kadi walizokata kutoka maboksi ya sabuni tuliyoomba madukani. Maboksi yalikuwepo, sabuni ndiyo haikuwepo. Mmoja anasoma, mimi natenda kilichoandikwa tu. Wakiandika "Mwaga maji" bila kusema wapi, niliyamwaga miguuni mwangu. Watoto wanacheka, Mwalimu hacheki. "Mashine haijakosea. Nani kakosea?" Wanarudi kuandika upya. Wakaanza kunisalimia, "Shikamoo, Mashine!" Kabla ya kazi ya shule nilisukuma mkokoteni sokoni miaka mingi, na salamu yangu ilikuwa "pisha njia".

Siku moja waliandika "Fagia", wakasahau kadi ya kusimama. Kengele ikalia, wakaondoka. Mwalimu alikuwa mkutanoni; alipotoka alasiri akanikuta nafagia ukuta wa choo.

"We Bakili, huna akili?"

"Sina, Mwalimu. Si ndivyo ulivyowaambia?"

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi.

Kazi yake kubwa ni ile ya maji. Uwanja wetu unashuka upande wa Jangwani, na kila masika maji yaliingia stoo, vitabu vikaoza. Watoto walipima mvua kwa kopo, wakachora mteremko, wakachimba mfereji, halafu wakaandika kadi za nani afanye nini maji yakifika alama nyekundu. Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja nikafuata kadi: "Funga geti. Panga mifuko ya mchanga." Mwalimu mkuu wa wakati huo, Mwalimu Mrisho, alikuwa bado nje.

"Bakili, fungua, nalowa!"

Watoto madirishani wakamjibu, "Kadi haijasema, Mwalimu!"

Alilowa chapachapa, lakini stoo ilibaki kavu. Kadi ikasahihishwa, na Mwalimu Mrisho mwenyewe akakiingiza kipindi cha mashine kwenye ratiba.

Sasa Mwalimu Mrisho naye kahamishwa. Uongozi wa leo unasema Elimu ya Kujitegemea ni bustani, na asipopatikana mwalimu wa kukichukua kipindi, Alhamisi itakuwa ya mchicha. Siwalaumu. Mchicha unalika.

Alhamisi iliyopita Mwalimu Blandina alifundisha mara ya mwisho. Watoto walisoma kadi zao: "Chukua kiti cha Mwalimu. Kiweke kivulini, karibu na ngazi. Mkaribishe akae. Kaa naye." Nikafanya hivyo. Mwalimu akangoja, kisha akasema, "Mmesahau kadi ya kusimama."

"Hatujasahau, Mwalimu," wakamjibu.

Tulikaa pale mpaka uwanja ukawa mtupu. Aliniambia anarudi kwenye nyumba ya marehemu mama yake, na kwamba huko sasa watamwita mgeni.

Jana Mwalimu Waridi, aliyeripoti mwezi huu, kaniuliza, "Hiyo mashine yenu huwashwa siku gani?" Nikamwambia Alhamisi, saa nne. Hakusema kama atakuja.

Mwalimu Blandina, asante kwa kazi yako. Tunakuombea afya, mvua ya kiasi, na jirani wa kuzungumza naye jioni. Alhamisi saa nne mimi nitakuwa uani, na ndoo.