Kigelegele Kilichokatwa

Mayala alikaa katikati ya abiria wawili kwenye basi la kwenda Kahama, kwa hiyo ugomvi wao wote ulimpitia usoni. Kulia kwake Bashiri, mtangazaji wa redio, alikuwa akiisifia albamu ya jazi iliyorekodiwa ukumbini Shinyanga, mwanamke akipiga piano peke yake mbele ya watu.

"Ila kuna bibi anapiga kigelegele katikati ya wimbo wa mwisho," alisema. "Nilipoicheza jana redioni nikamkata."

Mama aliyekaa dirishani, kushoto kwa Mayala, aligeuka. "Umemkata nani?"

"Huyo bibi. Jazi inataka utulivu, mama."

"Piano hiyo nimeipiga mimi, Paskalina. Na huyo bibi ni mama yangu. Tulimtoa hospitali aje kunisikiliza, wiki iliyofuata tukamzika. Wewe umeitupa sauti yake kama ganda la muwa!"

Bashiri alimgeukia. "Pole sana, mama. Lakini kipindi ni changu, na wasikilizaji wangelalamika."

"Nani amelalamika?"

Mayala, ambaye hakujua hata jazi ni kitu gani, alijikuta amekunja ngumi.

"Utairudia nzima," Paskalina alisema, "na utawaambia watu ulichofanya."

"Siamrishwi ndani ya basi mimi."

Basi liliposimama Kagongwa, Bashiri alibeba begi lake akashuka haraka. Paskalina alikuwa anakwenda Kahama, lakini alipita juu ya magoti ya Mayala akamfuata, akimwita kwa hasira hadi stendi nzima ikageuka. Mayala alisogea dirishani awasikilize. Basi likaondoka kabla Bashiri hajajibu.