Milka Adero, Mama Awuor (1955–1996)

Kwa miaka mingi watu wa familia hii walijiandaa kimyakimya kwa msiba wa mtoto. Hawakusema, lakini kila mmoja alijua kwamba mwenzake anauwaza. Hakuna aliyejiandaa kwa msiba wa mama. Wasifu huu umeandikwa na watu ambao bado hawajaamini.

Milka Adero alizaliwa tarehe 9 Machi 1955 katika kijiji cha Koguta, Nyakach, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Absalom Oketch na marehemu Mama Rosbela. Alisoma shule ya msingi hapo hapo nyumbani, akamaliza kidato cha nne mwaka 1973, kisha akajifunza kazi za ofisi mjini Kisumu. Mwaka 1975 aliajiriwa kuwa opereta wa simu katika kampuni moja ya sukari. Kazi hiyo ilimfuata hadi nyumbani. Watoto wakimwita wote kwa pamoja, aliwajibu kwa sauti ya ofisini, "Laini ina mtu, tafadhali subiri."

Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na Bwana Zadock Ogolla, fundi wa meli katika bandari ya Kisumu, wakafanya makao yao mtaa wa Manyatta, mjini humo. Walijaliwa Awuor mwaka 1982 na Oketch mwaka 1985.

Awuor alipokuwa na miaka miwili alishikwa na malaria iliyompanda kichwani. Malaria ilipona, lakini degedege halikuondoka, mwishowe likaitwa kifafa. Dawa za kwanza zilimfanya alale darasani na kuamka na hasira. Za pili zilimvimbisha ufizi na kumlegeza miguu. Milka aliacha simu, akanunua cherehani, akawa anashona sare za shule kwenye baraza ya duka ili mtoto awe karibu naye. Siku moja mteja alimtazama Awuor akipepesuka, akasema, "Mama Awuor, huyu umempa chang'aa asubuhi yote hii?"

"Nimempa dawa ya daktari," Milka akajibu bila kusimamisha cherehani. "Chang'aa nilikuwekea wewe, lakini umechelewa."

Jirani yake Swaumu, anayeuza mandazi kwenye baraza hiyo hiyo, alicheka hadi mandazi yakaungua. Mteja alipoondoka, Swaumu alimwona rafiki yake akijipangusa macho kwa kipande cha sare.

Krismasi ya mwaka 1989 iliwakuta hapa Seme, nyumbani kwa akina Zadock. Mama mkwe wake, Mama Dorsila, alimwonea huruma mtoto aliyekuwa akisinzia juu ya sahani, akaomba apumzishwe dawa wakati wa sikukuu. Milka alikubali. Awuor akaamka. Aliimba, akafukuza kuku, akauliza maswali ambayo hakuwahi kuyauliza, na watu wakamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akaanguka, akashikwa na degedege mfululizo mpaka akafikishwa hospitali mjini. Alipozinduka ilikuwa mchana.

"Mama, mbona wamefunga madirisha?"

Madirisha yalikuwa wazi.

"Watafungua," Milka akasema.

Macho ya Awuor hayakurudi, ila mwanga kidogo upande mmoja. Milka hakumlaumu mtu. Mama mkwe wake alipokuja kuomba msamaha, alimwambia, "Mama, hata mimi nilitaka kumsikia akicheka." Tangu hapo Awuor hakukosa dawa tena.

Kuhusu ugonjwa wa Milka mwenyewe hakuna mengi ya kueleza, kwa sababu hakuyaeleza. Kila alipokwenda kliniki alikwenda kwa ajili ya mtoto. Alhamisi, tarehe 18 Julai 1996, akiwa kazini, alisema kichwa kinamgonga, akaomba maji. Awuor alikuwa kando yake akishona vifungo kwa kupapasa. Alisikia cherehani ikinyamaza. Alimwita mama yake, kisha akamwita Swaumu. Hospitalini madaktari walisema ni presha, na kwamba mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Milka aliaga dunia jioni hiyo hiyo.

Zadock alikuja mwenyewe kuleta habari. Akina mama wa hapa Seme walimwona kwa mbali akitembea peke yake, na kabla hajafungua kinywa wakaanza kulia, "Awuor! Awuor wetu!"

"Si Awuor," Zadock akasema.

Mama Dorsila akamsogelea.

"Ni Milka."

"Milka gani?" Mama Dorsila akauliza. Alimjua Milka mmoja tu.

Jana mwili ulipofika, Awuor alikataa dawa yake. "Nikimeza nitalala," alisema. "Nataka kukaa na Mama." Baba yake alimbembeleza, wazee wakamsihi, naye akafumba mdomo. Kila mtu pale alijua dawa ikikosekana kutatokea nini, na aliyezoea kukimbia na mtoto huyu hospitali alikuwa amelala ndani ya jeneza. Ndipo Mama Dorsila alipotandika mkeka ubavuni mwa jeneza, akamketisha Awuor juu yake, akaushika mkono wake na kuuweka kwenye ubao.

"Nyathina, mtoto wangu, lala hapa hapa. Mimi silali. Wakitaka kumsogeza mama yako hata kidogo, nitakuamsha kwanza."

Awuor aliupapasa ubao kwanza. Kisha akafungua kiganja, akapewa kidonge.

Marehemu ameacha mume wake, Zadock Ogolla. Watoto wake, Awuor na Oketch. Baba yake, Mzee Absalom. Kaka na dada zake. Rafiki yake Swaumu. Na Mama Dorsila, ambaye baada ya matanga atahamia Manyatta kumlea Awuor, kwa kuwa kliniki iko huko. Mkimwona Awuor amesinzia wakati kaburi linafukiwa, msimshangae.

Milka, pumzika kwa amani. Dawa ya asubuhi amemeza.