Kaunta Buku ya Kumi na Tisa ya Yustina

Baba Paroko, majirani na ndugu waombolezaji, dada yetu Yustina Wenceslaus alizaliwa Usinge tarehe 14 Machi 1971, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1979 hadi 1985, na hakuchaguliwa kwenda sekondari, jambo lililomuuma maisha yake yote.

Mwaka 1989 aliajiriwa kufagia madarasa katika sekondari moja hapa Tabora mjini, akaokota jalalani kamusi ya Kiingereza iliyochanika, na tangu hapo kila siku aliandika kwenye kaunta buku neno moja gumu, maana yake, na sentensi aliyoitunga mwenyewe. Wanafunzi walimcheka, lakini baadaye walimu wenye digrii zao walimfuata kwa kujificha kumuuliza maneno, naye akawajibu huku ameshika fagio.

Tarehe 8 Oktoba 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu Wilbroad, wakajaliwa watoto wawili, Koleta na Emilian.

Mei mwaka huu alianza kuumwa tumbo, na tarehe 2 Juni daktari alimweleza Wilbroad kwamba ni saratani na imeshasambaa, nasi ndugu tukakaa kikao tarehe 4, tukakubaliana mgonjwa aambiwe ni vidonda vya tumbo, tukasahau kwamba faili lake la hospitali, lililoandikwa kwa Kiingereza, alilibeba mwenyewe kwapani kutoka chumba hadi chumba. Alitushukuru, akanywa dawa za vidonda bila kuuliza, hadi alipofariki tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi.

Juzi, tukitafuta nguo za kumzikia, tulikuta kaunta buku ya kumi na tisa. Neno la mwisho ni la tarehe 3 Juni, siku moja kabla ya kikao chetu, amelinakili kutoka kwenye faili bila kosa, maana yake saratani iliyosambaa, na sentensi yake, Koleta alivyotutafsiria, inasema: “Mume wangu anaogopa, kwa hiyo nitanyamaza mpaka aweze mwenyewe kuniambia.” Kurasa zilizofuata ni tupu. Alingoja miezi mitano, na sisi tuliokuwa tukimletea uji kila siku tulimwacha peke yake, tunaona aibu kulisema hapa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika, na walimu waliobeba jeneza.

Shemeji Wilbroad ameshindwa kusimama, ameniomba niseme kwa niaba yake: “Yustina, ni saratani.”

Ameshakuambia, dada. Pumzika.