Babu Besi na Spika Zilizomchelewesha

Ijumaa hii, tarehe 30, Babu Besi anastaafu baada ya kulitumikia ghala hili miaka ishirini na sita. Alipaswa kustaafu miaka miwili iliyopita. Ofisi ilidhani anapenda kazi. Sisi tunaolala naye chumba kimoja katika bweni la wafanyakazi tunajua kilichomweka: spika mbili kuukuu.

Alianza kama mbebaji, akaishia mnyapara wa kupakia. Hajawahi kuangusha katoni ya vioo, wala kumtukana mtu mbele ya wenzake. Alikuita nyuma ya rafu, akakutukana huko kwa heshima. Waliofika hapa hawajui hata kufunga kamba aliwafundisha hadi wakaweza. Mimi ni mmoja wao.

Spika alizikuta zimetupwa nje ya ukumbi uliofungwa, koni zimeliwa na panya. Akazileta kwenye chumba cha vitanda vinne, na tangu hapo tumevuta harufu ya gundi zaidi kuliko hewa. Alibadilisha koni, kapasita, mbao za nyuma. Aliposikia kwamba sanduku la spika likijazwa kitu laini sauti hutulia, alipasua mto wangu. Nilipouliza nitalalia nini, akajibu, "Mwanangu, shingo yako bado changa."

Tatizo likawa besi, ule mdundo mzito wa chini. Spika moja ikipiga peke yake, besi ipo. Zikipiga pamoja, inatoweka. Babu akaapa harudi nyumbani hadi ziimbe pamoja. Mkewe alipiga simu kila Jumapili. Mwanzoni aliuliza, "Baba watoto, unarudi lini?" Baadaye akawa anatuuliza sisi, "Wake wenza wangu hawajambo?" Mwezi wa tatu mwaka huu hakupiga kabisa. Babu alishinda na simu mkononi.

Mwezi wa nne, barua yake ya kuomba mwaka mwingine kazini ilikuwa mezani, imebaki sahihi tu. Siku hiyo nilisogeza spika moja nikitafuta kiatu, waya zikachomoka. Nikazirudisha nilivyojua mwenyewe. Jioni Babu akawasha, besi ikatikisa vikombe. Akatangaza kwamba kapasita zake hatimaye zimezoea. Akachana barua, akampigia mkewe.

Fundi redio wa jirani amenieleza. Waya za spika moja zilifungwa kinyume tangu siku ya kwanza, chanya kwenye hasi. Moja ikisukuma, nyingine ikivuta, besi inafia katikati. Miaka miwili, mzee wetu, kwa waya mbili.

Nilinyamaza kwa kuogopa kwamba ukijua utaanza upya. Sasa tiketi imekatwa na spika zimetangulia na lori, kwa hiyo nasema.

Asante kwa kutufundisha kazi. Tunakuombea afya, masikio mazuri na nyumba yenye amani. Ukifika, funga waya kama nilivyochora kwenye karatasi niliyobandika nyuma ya spika, kisha kaa na mama. Amesubiri vya kutosha.