Martha Alute na Utepe wa Wodi ya Kilimani

Ndugu waombolezaji, kwa muda wa nusu saa mmetambulishwa waheshimiwa kwa vyeo vyao na wenye viti vya mbele kwa majina yao, na sasa familia inaomba nafasi ya kumtambulisha aliye ndani ya jeneza, kwa kuwa ndiye aliyetukusanya hapa Mungaa leo Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025. Historia hii imeandikwa na mdogo wake, Melkizedeki Alute, mwalimu mstaafu na katibu wa kamati ya ujenzi wa wodi, naye ndiye anayeisoma. Wazee wa ukoo walitaka isomwe na mtu mwenye hasira pungufu, lakini watoto wa marehemu walikataa, wakasema mjomba wao ndiye anayepaswa kusimama hapa na kuisoma kwa mdomo wake, na sababu yake mtaisikia.

Marehemu Martha Alute alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 hapa hapa Mungaa, katika tembe ya baba yake iliyokuwa pale penye zizi, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu mzee Alute na marehemu mama Magdalena. Alikua akichunga mbuzi, akitwanga uwele na kubeba wadogo zake mgongoni, na aliyebebwa muda mrefu kuliko wote ni huyu Melkizedeki, ambaye alichelewa kutembea na hakuona haraka yoyote ya kujifunza maadamu mgongo wa dada yake ulikuwepo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1967 katika shule ya msingi ya hapa kijijini na kumaliza la saba mwaka 1973. Akiwa darasa la sita alikuwa kiranja mwenye kushika ufunguo wa stoo ya majembe, na amri ilikuwa kwamba stoo haifunguliwi mpaka mwalimu wa zamu awepo, lakini siku moja mwalimu alichelewa, watoto wakasimama juani, Martha akafungua, wakaenda shamba, wakamaliza matuta yao. Alichapwa viboko vinne kwa kufungua bila idhini, na wiki iliyofuata mwalimu alipochelewa tena, akafungua tena. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, na hakulalamika, maana mwaka ule hapa kwetu hakuchaguliwa msichana hata mmoja.

Kazi yake maisha yote ilikuwa kilimo na ufugaji, alizeti, mtama, na wale kuku wa kienyeji ambao wachuuzi walikuja kuwachukua mlangoni kwake kuwapeleka Dar es Salaam. Wapo walioandika kwenye ratiba ya leo kwamba marehemu hakuwa na ajira, familia inaomba maneno hayo yafutwe, kwani mtu aliyeamka na jembe kwa miaka hamsini alikuwa na ajira kuliko wengi wetu tuliostaafu.

Tarehe 22 Novemba 1980 alifunga ndoa takatifu na Benjamin Njiku, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2009, na Mungu aliwajalia watoto watatu, Agnes aliyezaliwa 1982, Joseph aliyezaliwa 1984, na Paulo, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1988 na kuishi saa mbili. Paulo alizaliwa Kilimani, katika hospitali yetu ya misheni, sakafuni kwenye korido, saa nne ya asubuhi, kwa kuwa wodi ya wanawake ilijaa na kila kitanda kilikuwa na mama wawili, na aliyempokea alikuwa mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza, huku mwenzake akiwakinga kwa kanga ili wapita njia wasione. Watu walitaka Martha amlaumu yule binti, wakamshawishi, wakamchochea, yeye akawajibu neno moja, “Yule mtoto alikuwa na mikono miwili, kitanda hakikuwepo, mlaumuni aliyenyima kitanda.”

Tangu siku ile Martha na Kilimani hawakuachana. Ninyi nyote mnaijua hospitali ile, haina mwenyewe anayegawana faida, inatibu kwa kile kinachopatikana na inafundisha wauguzi na matabibu wanaokwenda hadi zahanati za mbali ambako wengine hawataki kupangiwa. Wapo akina mama waliogoma kuguswa na wanafunzi, wakidai daktari mkubwa tu, lakini Martha kila alipolazwa alikuwa akiwaita mwenyewe wasogee, wamsikilize kifua, wamtafute mshipa wa damu hata mara ya nne, akisema, “Njooni mjifunze, au mnataka mkajifunzie kwa mbuzi?” Nyumbani kwake walikaa wanafunzi kumi na mmoja kwa nyakati mbalimbali, wakati wa mazoezi yao ya vijijini, akawalisha na kuwagombeza kama watoto wake, na mmoja wao ni muuguzi Winfrida, binti wa Shelui, aliyekaa kwake mwaka 2011 na leo ndiye msimamizi wa wodi ya wanawake.

Mwaka 2016 alianzisha jambo ambalo linajulikana kama Debe la Kilimani. Alichukua debe lake, akalipaka rangi ya buluu, akapita nyumba kwa nyumba wakati wa mavuno, kila kaya iweke debe moja la alizeti kwa ajili ya wodi mpya ya wanawake, na debe alilolitaka ni la kujaa mpaka kichwa, si la kufutwa kwa kijiti. Mtu akimletea debe la kufuta, alimwambia mbele ya mke wake na watoto wake, “Mchuuzi unampa lumbesa huku unachekacheka, wagonjwa unawapimia kwa rula?” na mtu huyo alirudi ghalani akiwa ameinamisha kichwa. Mzee Mselemu wa Singida mjini, ambaye yupo nasi hapa na kofia yake, alikamua alizeti ile kwa misimu saba kwenye mashine yake na hakuchukua kitu, hata mashudu aliyarudisha, na Martha akayagawa kwa wenye kuku ili nao wachange kuku.

Kwa mafuta yale na kuku wale, na kwa mchanga uliobebwa kichwani na akina mama kutoka mtoni, na kwa matofali yaliyochomwa na vijana wa vitongoji vinne, wodi ya vitanda ishirini na vinne ilisimama. Ilikamilika tarehe 18 Oktoba 2024, vitanda vikiwa vimetandikwa, maji yakitoka bombani, wauguzi wakiwa wamepangwa zamu, kukawa hakuna kilichobaki ila kuwaingiza wagonjwa. Hapo ndipo kamati ilipoketi na kuamua kwamba wodi haiwezi kutumika mpaka izinduliwe, na haiwezi kuzinduliwa mpaka apatikane mgeni rasmi.

Familia inaomba jambo hili lisikike vizuri hadi kwenye viti vya mbele. Ulinunuliwa utepe mwekundu, ukafungwa mlangoni. Lilichongwa jiwe lenye maandishi kwamba jengo hili limefunguliwa na Mheshimiwa, kisha pakaachwa nafasi ya jina, kwa sababu waheshimiwa walikuwa wengi na haikujulikana ni yupi atakayekubali. Mgeni wa kwanza alithibitisha mwezi Desemba, akina mama wakashona sare za vitenge, kwaya ikakesha kwenye mazoezi, kuku wakachinjwa, akapata udhuru. Akathibitisha mwingine mwezi Februari, maturubai yakafungwa, akapata udhuru. Akathibitisha wa tatu mwezi Aprili, safari hii watoto wa shule wakasimama barabarani na bendera za karatasi tangu asubuhi mpaka saa nane, simu ikapigwa kwamba atapanga siku nyingine. Na katika miezi yote hiyo, hatua ishirini kutoka kwenye utepe ule, wagonjwa walikuwa wamelala kwenye korido ya wodi ya zamani, ile ile ya mwaka 1988.

Martha hakuwa mjumbe wa kamati, kwa kuwa tulisema wajumbe wawe watu waliosoma, lakini mwezi Novemba alikuja mkutanoni bila kuitwa, akasimama karibu na mlango, akasema, “Mgonjwa ndiye mgeni rasmi. Leteni padre aombe, leteni na shehe aombe, mfungue.” Mwenyekiti alicheka. Katibu hakucheka, katibu alifanya vibaya zaidi, alimwelimisha, akamwambia, “Dada, tusijidhalilishe, jengo kubwa kama hili linataka mtu mkubwa wa kulifungua.” Marehemu alimtazama, akamjibu, “Mlango unataka ufunguo, Melki,” akajifunga kanga yake akaondoka.

Ufunguo huo ulikuwa kwa katibu. Aliutunza kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la kazi za kamati, hili hapa alilolivaa, na alikuwa akiugusagusa kila mara kuhakikisha upo, akijiona mwaminifu kwelikweli. Hakuna aliyemlazimisha. Barua zote tatu za kuwaalika waheshimiwa ziliandikwa na yeye, kwa mwandiko ule ule aliofundishia watoto wenu kuandika, na hasira mnayoisikia kwenye sauti hii, ndugu zangu, msidhani yote inaelekezwa kwa watu wengine.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alikuwa na tatizo la moyo tangu mwaka 2019 na alihudhuria kliniki Kilimani bila kukosa. Tarehe 31 Mei 2025 alizidiwa, akaanza kubanwa na pumzi, Joseph akampeleka hospitali, na madaktari wakaona maji kwenye mapafu pamoja na homa ya mapafu. Wodi ilikuwa imejaa, hivyo akawekewa godoro kwenye korido pamoja na wenzake kumi, na ninyi wa huku mnaujua upepo wa Juni wa Singida unavyopita mahali pasipo na mlango. Winfrida alileta blanketi la nyumbani kwake, akatundika shuka kuziba upepo, na mara mbili alimpigia katibu simu kuomba ufunguo, mara zote mbili akajibiwa kwamba suala lake litafikishwa kwenye kikao.

Jumamosi tarehe 7 Juni katibu alikwenda kumjulia hali dada yake, amebeba machungwa. Alimkuta ameegemezwa ukutani ili apate kupumua, amegeuzwa upande wa dirisha, na kutoka pale alipokuwa amekaa Martha aliuona utepe, ambao jua lilikuwa limeshaupausha ukawa wa waridi. Hakuomba ufunguo. Aliuliza tu, kwa pumzi ya kuhesabu, “Bado hajaja?” Mdogo wake alimjibu kwamba mgeni mwingine amethibitisha, ni tarehe 28 bila shaka, na kwamba safari hii Martha mwenyewe atashika sahani ya mkasi. Marehemu alimwangalia muda mrefu kama mtu anayemtafuta yule mtoto aliyembeba mgongoni, kisha akaugeuzia ukuta uso wake. Katibu aliweka machungwa chini, akaaga, akatoka nje na ufunguo wake mfukoni.

Martha Alute alifariki dunia Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa tatu ya asubuhi, kwenye korido, mkono wake ukiwa umeshikwa na Winfrida. Daktari hakutuambia kwamba kitanda kingemponya, nasi hatumwekei maneno mdomoni, pengine siku zake zilikuwa zimefika. Lakini siku zake zingeweza kufika akiwa amelala kitandani, ndani ya kuta alizozichangia, na hilo hakunyimwa na Mungu, alinyimwa na sisi.

Juzi tarehe 10, tulipokwenda kuuchukua mwili, Agnes hakuelekea mochwari. Alikwenda kwa mjomba wake, akanyoosha mkono bila salamu, yeye ambaye tangu utoto wake hajawahi kupita bila shikamoo, na mjomba akautoa ufunguo akampa. Akina mama wa Debe walikuwa wamemfuata nyuma, hawakuimba, hawakupiga vigelegele, Winfrida akatoa mkasi wa kukatia bandeji, wakakata utepe, wakafungua mlango, na kabla ya saa sita mchana wagonjwa wote waliokuwa kwenye korido walikuwa vitandani. Wengi wenu mmekuwa mkinong'onezana tangu asubuhi kuhusu kitambaa kile kilichofungwa kwenye jeneza, mkidhani ni cha chama fulani. Ndio utepe wenyewe, na unazikwa pamoja naye.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu sita, na wadogo zake wanne. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kilimani waliofanya kazi wakiwa wamepiga magoti sakafuni, wanafunzi wanaojifunza pale, ambao marehemu aliacha neno kwamba nyumba yake iendelee kuwapokea, mzee Mselemu na jamaa zake, majirani waliopika na kuchota maji siku zote hizi, na kila kaya iliyotoa debe, lililojaa na hata lile la kufuta. Debe la buluu lipo kwa Agnes, na mavuno ya msimu huu yameshaanza. Kamati haishukuriwi. Mgeni wa tarehe 28 ameandikiwa barua, nayo ni ya mwisho kuandikwa na katibu huyu, kwamba asijisumbue, na kwamba nafasi ya jina kwenye jiwe itaachwa ilivyo, wazi, ili kila anayepita aulize.

Na ufunguo upo kwa muuguzi wa zamu, umetundikwa kwenye msumari, na tangu juzi hakuna aliyepata haja ya kuutumia. Dada Martha, mdogo wako amechelewa kutembea, kama kawaida yake. Pumzika, mlango uko wazi.