Ngoma Haihitaji Viza

Benchi la mbele ya duka la Nidia, mjini Boca Vieja, lilijaa hasira tangu asubuhi. Ukutani lilibandikwa bango jipya la ligi ya besiboli: Mwewe dhidi ya Wakata Miwa, lile pambano la Jumapili ya kwanza ya Desemba ambalo watu wa hapa huahirisha hata harusi kwa ajili yake, mwaka huu litachezwa New York. Na picha kubwa ya bango, mdomo wazi, mishipa ya shingo imesimama, ni ya Eleuterio, aliyewapigia Mwewe ngoma jukwaani miaka thelathini na moja. Chini pameandikwa: NJOO USIKIE NYUMBANI. Eleuterio hana viza. Alikuwa ameielekeza ngoma yake kwenye jiko la mkaa la Nidia, kama afanyavyo kila siku ya mechi, maana bila joto ngozi yake hulegea ikatoa mlio wa ndoo. Leo hakukuwa na mechi. Alifanya kwa mazoea tu.

— Wamekuuza, Ele, alisema Konsuli, aliyepewa jina hilo baada ya kunyimwa viza mara tatu. Wamekuuza mzima mzima, na wewe mwenyewe umebaki hapa.

— Hata picha hawakuniomba.

— Wakuombe kwani wewe nani? alidakia Profesa, mwalimu mstaafu wa jiografia. Huo ni mpango. Mwaka huu wamechukua pambano kubwa. Mwakani, fainali. Halafu ufunguzi wa msimu. Sisi tutaachiwa mechi za Jumatatu, mvua inanyesha, wanacheza wa akiba.

— Na Krismasi wataihamisha! alisema Konsuli, akicheka.

— Cheka tu. Watakuja na magunia, wazoe udongo wa uwanja wetu, wakaumwage kule, waseme hapo ndipo nyumbani.

— Na jua je, Profesa?

— Jua watalikodi! Saa saba mpaka saa kumi na moja. Sisi huku tutawasha taa mchana kweupe.

— Mmeshaanza, alisema Nidia, akimimina kahawa. Dada yangu yuko kule, ana miaka kumi na tano hajawaona Mwewe. Yeye si mtu?

— Dada yako ana karatasi za ukaazi, Doña, apande ndege aje! alisema Konsuli, akimnyoshea Eleuterio kidole. Huyu apande nini?

Eleuterio aliigeuza ngoma upande wa pili.

Hapo ndipo alipofika Yokasta wa ofisi ya timu, na sanduku kubwa lililotandikwa sponji ndani.

— Habari za asubuhi, Don Ele. Samahani sana. Nimetumwa kuchukua ngoma. Inasafiri kesho.

— Ala! Ngoma imepata viza? alifoka Konsuli.

— Ngoma haihitaji viza, alisema Yokasta, na uso ukamshuka papo hapo.

— Nani ataipiga? aliuliza Eleuterio.

— Wamekodi mtu wa huko.

Ngoma ilikuwa mali ya timu, jina la timu limechorwa ubavuni. Eleuterio aliifuta kwa mkono wa shati, akailaza sandukuni mwenyewe, kwa sababu hakutaka mtu mwingine aishike. Yokasta alitoa kalamu na karatasi.

— Wameniambia nikuulize, Don. Kule kuna baridi kali. Hii ngoma inatunzwaje kabla ya kupigwa?

Profesa alichungulia kikombe chake. Konsuli, ambaye hajawahi kukosa neno, aliinama akafunga kamba za viatu. Nidia alichota majivu, akaanza kuyafukia makaa polepole.

Eleuterio aliona uchungu kweli. Isipopashwa moto, itakayoaibika mbele ya umati wote ule ni ngoma, si ligi. Alifungua mdomo, wazi kama kwenye bango, kisha akaufunga.

Yokasta aliwatazama mmoja mmoja, kalamu mkononi.

— Kahawa imekwisha, mwanangu, alisema Nidia.