Jicho, Aliyeitika Chini ya Ngazi

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Jicho, alizaliwa tarehe 3 Machi 1968, akapooza miguu kwa polio akiwa na miaka minne, na mwaka 1976 akaanza shule ya msingi mgongoni mwa mama, aliyembeba hivyo hadi darasa la tatu, alipopata kiti cha magurudumu.

Tarehe 2 Juni 1991 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kama msahihishaji, na kwa ukali wake hata barua za uchumba alizoandikiwa na binti mmoja fundi cherehani alizirudisha zimejaa wino mwekundu, fundi akacheka, akamwambia basi amuoe amsahihishe vizuri, wakafunga ndoa tarehe 14 Desemba 1996, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2010 ilipita mezani kwake sheria mpya ya haki za watu wenye ulemavu, akaisoma mara nne, akarudi nyumbani akitamba kwamba sasa hakuna mwajiri atakayemfukuza mtu kwa sababu ya miguu.

Mwaka 2018 kiwanda kilihamia ghorofa ya tatu, jengo halina lifti, akaambiwa akapumzike nyumbani, akafungua kesi kwa sheria ileile ili arudishwe kazini, lakini baraza la kusikiliza kesi nalo lilikuwa ghorofani, ngazi ishirini na sita. Mara ya kwanza mdogo wake alimpandisha mgongoni, wakafika mbele ya mawakili suruali imemshuka, akaapa hatabebwa tena. Mara tatu zilizofuata alikaa chini ya ngazi na suti yake ya harusi, karani akamwita huko juu, akaitika kwa sauti yake yote, mlinzi akamsihi asipige kelele, na jaladani ikaandikwa kwamba mlalamikaji hakufika. Tulikuwa naye pale chini, na inatuuma hadi leo.

Vidonda vya kukaa kutwa vilimwingizia sumu kwenye damu, akalazwa tarehe 20 Aprili 2022, akafariki tarehe 6 Mei, saa tatu asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na wenzake wa kiwandani mlioshuka leo kuja kumzika. Jana ililetwa barua ya baraza, kesi itaitwa Jumanne, na mdogo wake atapanda zile ngazi kuwaambia kwamba safari hii kweli hakufika.

Pumzika kwa amani, Jicho, na tulipokosea katika wasifu huu utusamehe, hatuna tena wa kutusahihisha.